Magadi, meno ya kahawia na neno ‘haiyeyuki’

Nilikulia katika Bonde la Ufa. Katika shule ya msingi, mwalimu mmoja alikuwa na mazoea ya kutupanga mstari kila Jumatatu ili atukague meno. Sisi wenye madoa ya kahawia tulitandikwa, ati hatupigi mswaki. Nilisugua meno kwa mkaa na hata kwa majivu, lakini wapi! Miaka mingi baadaye ndipo nilipong’amua kwamba chanzo kilikuwa kwenye maji tuliyokunywa, na kwamba somo la kuyaelewa maji hayo lina historia ndefu.

Hebu turudi nyuma kidogo. Mwaka wa 1798, Napoleon alipoivamia Misri, alifuatana na wanazuoni. Mmoja wao alikuwa mwanakemia Mfaransa, Claude Louis Berthollet. Kwenye maziwa ya Wadi Natrun, jangwani magharibi mwa mto Nile, Berthollet alikuta ukoko wa kitu ambacho Waswahili tunakijua vyema: magadi. Jambo hilo lilimshangaza. Katika maabara, ukichanganya maji ya magadi na maji yenye kloridi ya kalsiamu, kaboneti ya kalsiamu (jamii ya chaki) hutuama chini, na chumvi ya mezani ikabaki majini. Kule jangwani mambo yalikwenda kinyume: chumvi nyingi ilikutana na mawe ya chokaa, yakazaliwa magadi.

Berthollet alihitimisha kwamba wingi wa vitu unaweza kuugeuza mwelekeo wa badiliko la kikemia. Wanakemia wengi wa wakati huo waliamini kuwa mwelekeo ni mmoja tu. Mwaka wa 1864, Guldberg na Waage wa Norway waliliweka wazo hilo katika hesabu. Mwaka wa 1889, Mjerumani Walther Nernst akaonyesha jinsi linavyozihusu chumvi tunazodai kuwa haziyeyuki.

Nernst alisema nini? Chukua mfano wa matatu iliyojaa ambayo kila abiria anayeshuka hufuatwa na mwingine anayepanda. Ukiitazama kwa mbali utadhani hakuna anayesonga, kumbe watu wanabadilishana. Chumvi iliyotuama chini ya maji ndivyo ilivyo: chembe zake, yaani ioni, huingia majini na nyingine kurejea kwa kasi ile ile. Huo ndio msawazo. Katika joto lisilobadilika, ukizidisha viwango vya ioni za aina zote mbili zilizomo majini, zao lake halibadiliki. Ioni za aina moja zikiongezeka, za aina ya pili hazina budi kupungua.

Sasa tuitazame floraidi ya kalsiamu. Lita moja ya maji humumunya takriban gramu 360 za chumvi ya mezani, lakini floraidi ya kalsiamu ni kama miligramu 16 tu. Ni kidogo mno, lakini si sufuri! Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba floraidi katika maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita.

Mahali penye kalsiamu nyingi majini, kalsiamu hiyo huizuia floraidi isipande. Maji mengi ya Bonde la Ufa, hata hivyo, yana asili ya magadi. Kaboneti iliyomo huitwaa kalsiamu na kuituamisha, ikawa hakuna wa kuizuia floraidi inayotoka katika miamba ya volkano. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake yanaumbika hupata madoa ambayo mswaki hauwezi kuyaondoa. Kuchemsha maji nako hakuiondoi floraidi. Katika eneo la Nakuru kumetumika vichujio vya mifupa ya ng’ombe iliyochomwa, kwa sababu madini ya mfupa huikamata floraidi na kuifanya sehemu yake.

Ukumbi huu ni wa lugha, na msomaji ataniuliza: lugha inaingilia wapi? Inaingilia kwenye kitenzi. Katika mazungumzo tunasema barafu imeyeyuka, na sukari nayo imeyeyuka katika chai. Hayo ni mambo mawili tofauti. Barafu imegeuka kuwa maji kwa sababu ya joto. Sukari imetawanyika ndani ya kitu kingine. Kiswahili kina kitenzi cha hili la pili, kumumunyika, na kutokana nacho tuna mmumunyo na umumunyifu. Wapo wanaoyacheka maneno haya, eti ni ya vitabuni. Lakini ni nani asiyejua kumumunya peremende?

Shida kubwa zaidi ni kikanushi. Tukimwambia mwanafunzi kwamba jiwe fulani ‘haliyeyuki’, tumemfungia mlango. Ataamini kuwa maji yanayopita katika mwamba hutoka kama yalivyoingia. Tumwambie kwamba ‘humumunyika kidogo sana’, naye atauliza: kidogo kiasi gani? Swali hilo lingeulizwa kijijini kwetu kwa lugha tuliyoielewa, huenda mwalimu wangu angekagua kisima kabla ya kutafuta kiboko.