Kimeng'enya Kimoja, Majina Mawili: Historia ya Kihisi cha Nishati katika Ini, 1973–2024

Historia ya AMPK, protini inayohisi kiwango cha nishati katika seli, mara nyingi husimuliwa kama safari iliyonyooka: kimeng'enya kiligunduliwa, utendaji wake ukaeleweka, kisha tiba ya ini lenye mafuta ikafuata. Insha hii inadai kuwa masimulizi hayo yanapotosha. Utafiti wa kimeng'enya na utambuzi wa ugonjwa vilipita njia mbili, na zilipokutana, ushahidi haukuthibitisha yote yaliyotarajiwa.

Mwaka 1973, katika jimbo la Indiana nchini Marekani, maabara mbili zilichapisha matokeo yanayokaribiana. Carlson na Kim, wa Chuo Kikuu cha Purdue, walionyesha kuwa kimeng'enya cha ini la panya kinachodhibiti utengenezaji wa asidi za mafuta huzimwa kwa kuongezewa fosfati. Beg, Allmann na Gibson, wa Chuo Kikuu cha Indiana, waliona kuwa kimeng'enya kinachodhibiti utengenezaji wa kolesteroli nacho huzimwa penye ATP. Kwa kuwa kila upande ulifuatilia kimeng'enya chake, kizimaji kilipewa majina mawili. Miaka 14 ilipita kabla ya kundi la Hardie, katika Chuo Kikuu cha Dundee, Uskochi, kuonyesha mwaka 1987 kwamba kizimaji kilikuwa kimoja.

Kiungo kilikuwa AMP. Seli inapotumia ATP kwa kasi kuliko inavyoitengeneza, AMP huongezeka na kuamsha kizimaji hicho. Utengenezaji wa mafuta na kolesteroli hupungua, na uunguzaji wa mafuta huongezeka. Jina linalotumika leo lilitokana na sifa hiyo ya kuamshwa na AMP.

Huku nyuma, mwaka 1980, Ludwig na wenzake wa Mayo Clinic walieleza wagonjwa 20 ambao maini yao, chini ya hadubini, yalifanana na ya walevi ilhali wao hawakuwa walevi. Wengi wao walikuwa wanene. Ugonjwa ulipewa jina la kitu kisichokuwapo, yaani pombe. Chanzo chake hakikutajwa. Mwanapatholojia alisoma tishu ya binadamu, mwanabiokemia akasoma vimeng'enya vya panya, na jina hilo halikuwa daraja kati yao.

Daraja lilionekana kupatikana mwaka 2001, Zhou na wenzake walipoonyesha kuwa metformini, dawa ya kisukari, huamsha AMPK katika seli za ini. Hata hivyo, mwaka 2010 Foretz na wenzake nchini Ufaransa walithibitisha kuwa dawa hiyo hupunguza utengenezaji wa glukosi hata katika maini ya panya yasiyo na AMPK. Majaribio kwa wagonjwa nayo hayakuonyesha kwa uthabiti kuwa metformini huponya tishu za ini lenye mafuta.

Mwaka 2023 ugonjwa ulibadilishwa jina, ukahusishwa na hitilafu za umetaboli. Mwaka 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya uvimbe wa ini unaotokana nao, nayo hulenga kipokezi cha homoni ya tezi ya thiroidi, si AMPK. Kwa hiyo, mwanahistoria anayeandika kwa kuanzia kwenye tiba na kurudi nyuma ataona njia moja ambayo watafiti wenyewe hawakuipita. Kuujua utaratibu wa seli ni jambo moja. Kumtibu mgonjwa ni jambo jingine, na umbali kati ya mambo hayo ni sehemu ya historia yenyewe.