Mkongo

Katika Kiswahili cha mawasiliano, hasa nchini Tanzania, neno "mkongo" humaanisha njia kuu ya nyaya zenye uwezo mkubwa, inayounganisha mitandao midogo na kubeba data zake kutoka mji hadi mji. Kwa kuwa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ni mali ya serikali, msomaji aweza kudhani kwamba kila mkongo ni wa umma, ilhali historia ya Marekani yaonyesha vinginevyo.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 mkongo mkuu wa huko ulikuwa NSFNET, uliogharimiwa na serikali, ambao masharti yake yaliruhusu utafiti na elimu na kuzuia biashara. Kampuni za UUNET, iliyoanzishwa mwaka 1987, na PSINet, iliyoanzishwa mwaka 1989, zilijenga njia zao, na mwaka 1991, pamoja na CERFnet, zikaunda CIX, yaani kituo ambamo wanachama walipitishiana data bila kutozana kwa kiasi kilichopita. NSFNET ulizimwa Aprili 1995, na mwaka uliofuata UUNET ikanunuliwa na MFS, ambayo nayo ilimezwa na WorldCom kabla mwaka haujaisha. PSINet ilifilisika mwaka 2001 na WorldCom mwaka 2002. Mabaki ya WorldCom, yaliyopewa jina la MCI, yalichukuliwa na Verizon mwaka 2006.

Neno "mkongo", basi, hutaja njia tu, na mwandishi makini hana budi kumtaja pia mmiliki wake.