Shela ya wapi? Kwa nini kila mahali panahitaji kitambulisho

Miaka michache iliyopita nilisimama kwenye baraza la mtaa, karatasi mkononi, nikasema kwa kujiamini kwamba watu wa Kilifi wameongezeka zaidi ya mara mbili na nusu kati ya sensa ya 1999 na ile ya 2019. Hesabu nilikuwa nazo: 544,303 katika sensa ya kwanza na 1,453,787 katika ya pili. Mzee mmoja, karani mstaafu, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, na Malindi umeiweka wapi?"

Sikuwa na jawabu. Mwaka 1999 Kilifi na Malindi zilikuwa wilaya mbili mbalimbali, na Malindi ilihesabiwa peke yake: watu 281,552. Kaunti ya Kilifi ya leo imezikusanya zote mbili. Ukijumlisha za 1999 wapata 825,855, na ongezeko la kweli ni kama asilimia 76. Ni kubwa, lakini si lile nililolitangaza mbele za watu. Nambari zangu zote zilikuwa sahihi. Kilichonipoteza ni jina, kwa sababu "Kilifi" ya karatasi ya kwanza haikuwa "Kilifi" ya karatasi ya pili.

Tangu siku ile nimekuwa nikifuatilia jambo hili, na nimeona ni vyema niwaeleze wasomaji, kwa kuwa linagusa dawa, basari, barabara na chakula cha msaada.

Majina yetu yanavyochanganya

Chukua Shela. Mtu wa Lamu akisikia jina hilo anaukumbuka mji wake wa pwani kisiwani. Mtu wa Malindi anaikumbuka Shela yake. Katika orodha ya wadi 1,450 za Kenya, zote mbili zimeandikwa "Shella", kwa L mbili: moja iko eneobunge la Lamu Magharibi, nyingine eneobunge la Malindi. Mkomani ni vivyo hivyo. Kuna wadi ya Mkomani Lamu, na kuna wadi ya Mkomani Nyali, Mombasa. Sasa fikiria karani aliye Nairobi anaunganisha jedwali la zahanati na jedwali la idadi ya watoto, akitumia jina la wadi peke yake. Kompyuta haitamuuliza Shela ya wapi. Itaziunganisha tu, na watoto wa Malindi wataandikiwa zahanati ya Lamu.

Shida ya pili ni kwamba kila ofisi inaigawa nchi kwa njia yake. Uchaguzi unakwenda kwa kaunti, eneobunge na wadi. Sensa ya 2019 ilihesabu kwa kaunti, kaunti ndogo, tarafa, kata na kata ndogo. Kule Tana River, maeneobunge ni Garsen, Galole na Bura, ilhali sensa inazungumza juu ya Tana Delta, Tana River na Tana North. Hapo jina "Tana River" ni la kaunti nzima, na papo hapo ni la kaunti ndogo iliyo ndani yake. Neno "Lamu" nalo laweza kuwa mji, kisiwa, kaunti, au wilaya ya zamani.

Nambari peke yake haitoshi

Wengine watasema: basi tutumie nambari. Ni wazo zuri, lakini tazama. Katika Jedwali la Kwanza la Katiba ya 2010, Mombasa ni kaunti nambari 1 na Lamu ni nambari 5. Lakini katika orodha ya kimataifa ya ISO, inayopanga kaunti zetu kwa alfabeti, nambari 1 ni Baringo, nambari 5 ni Elgeyo Marakwet, na Mombasa ni nambari 28. Na ukirudi kwenye Katiba, 28 ni Elgeyo Marakwet. Mtu akikuletea faili iliyoandikwa "28" bila maelezo, huwezi kujua kama anazungumzia bandari au milima ya Bonde la Ufa.

Kwa hivyo, nambari lazima ije na jina la aliyeitoa. Hapo ndipo panapoingia kile ambacho wataalamu hukiita data unganishi. Tim Berners-Lee, aliyeubuni mtandao wa wavuti, aliandika kanuni zake mwaka 2006, nazo ni nne. Kwanza, kila kitu kipewe kitambulisho cha pekee. Pili, kitambulisho hicho kiwe anwani ya wavuti, ili yeyote aweze kuifungua. Tatu, anayeifungua akute maelezo yenye manufaa. Nne, maelezo hayo yaelekeze kwenye vitambulisho vya vitu vingine vinavyohusiana.

Kwa lugha ya nyumbani: Ali Mohamed wako wengi, ndiyo maana kila mmoja ana kitambulisho chake. Mahali nako kuwe hivyo. Wadi ya Shella ya Lamu ipate anwani yake moja mtandaoni. Ukiifungua, ukute sentensi fupi fupi ambazo mtu na kompyuta wote wanazielewa: hii ni wadi; iko ndani ya Lamu Magharibi; pia huandikwa Shela; mipaka yake imeanza kutumika tarehe fulani. Ya Malindi iwe na anwani nyingine kabisa. Afya, elimu na takwimu zikitumia anwani zile zile, majedwali yao yataungana bila kubahatisha.

Wenzetu walivyofanya

Uingereza wamekuwa wakiifanya kazi hii kwa miaka. Tangu 2011, ofisi yao ya takwimu imekuwa ikitumia misimbo ya herufi moja na tarakimu nane, na kila msimbo una anwani yake ya wavuti. Somo kubwa kwetu ni lile la Gateshead, kaskazini mwa England. Mwaka 2013 mpaka wake na Northumberland ulirekebishwa kidogo. Majina hayakubadilika, lakini misimbo ilibadilika: Gateshead ilitoka E08000020 ikawa E08000037. Msimbo wa zamani haukupewa mahali pengine. Umebaki kwenye kumbukumbu kwa ajili ya takwimu za zamani. Lau Kilifi ya 1999 na Kilifi ya leo zingekuwa na vitambulisho mbalimbali namna hiyo, vikiwa na maelezo kwamba ya leo imeunganisha wilaya za Kilifi na Malindi, mimi nisingeaibika barazani.

Kuna tahadhari moja. Kompyuta huamini unaloiambia. Ukiandika kwamba Tana Delta "ni ile ile" Garsen, italichukua hilo kuwa kweli na kuhamisha kila kitu, hata kama moja ni kaunti ndogo na nyingine ni eneobunge. Ni salama zaidi kusema "zinapishana" au "iko ndani ya". Na kitambulisho hakiamui ugomvi. Mvutano wa Kwale na Taita Taveta juu ya Mackinnon Road hautamalizwa na anwani ya wavuti. Kinachowezekana ni kuandika wazi kwamba mahali hapa panadaiwa na pande mbili, badala ya kila ofisi kuchagua upande wake kimyakimya.

Tuanzie wapi

Hatuanzi na mikono mitupu. Katiba imezipa kaunti nambari. Tume ya uchaguzi ina misimbo ya wadi na vituo. Wizara ya Afya ina orodha kuu ya vituo vya afya, kila kituo na msimbo wake. Kinachokosekana ni uzi wa kuzishona pamoja, pamoja na ofisi moja itakayoahidi kwamba anwani ikishatolewa haitafutwa wala kupewa mahali pengine.

Wakati tukiusubiri uzi huo, yako mambo matatu ambayo serikali zetu za kaunti zinaweza kuyafanya sasa hivi: kila jedwali liwe na safu ya msimbo kando ya jina, liseme msimbo huo umetoka orodha gani, na liseme mipaka ni ya mwaka gani. Wewe nawe, ndugu msomaji, unapoomba takwimu chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, uliza mambo hayo matatu. Ni haki yako kujua bajeti unayosomewa ni ya Shela ipi.

Yule mzee nilimrudia baadaye nikamwonyesha hesabu niliyoisahihisha. Aliitazama, akatikisa kichwa kukubali, kisha akaniambia niirudie mbele ya watu wale wale niliowapotosha. Nilifanya hivyo baraza lililofuata.