Ukimsomea Mtu Hizi Namba, Umempa Ufunguo: Safari ya Kuendesha Kompyuta kwa Mbali, Kutoka 1968 Mpaka Steshenari ya Unyambwa

Mchukulie dada mwenye steshenari pale kata ya Unyambwa, Manispaa ya Singida. Kompyuta moja, printa moja, na foleni ya madogo waliomaliza kidato cha sita wanaotuma maombi ya mkopo HESLB. Dirisha linafungwa usiku huohuo. Ghafla printa inagoma. Fundi wake yupo Dar, karibu kilomita 700. Anampigia, fundi anasema kitu kimoja tu: "Nisomee namba." Dada anasoma tarakimu zilizopo kwenye kioo, anabonyeza kukubali, na mshale wa mausi unaanza kutembea wenyewe. Baada ya muda karatasi zinatoka.

Ukiona mara ya kwanza unaweza kusema ni uchawi. Wala. Ni mchezo wenye umri wa zaidi ya miaka 50, na una stori yake.

YOTE YALIANZIA JUKWAANI

Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Marekani, jamaa anaitwa Douglas Engelbart alikaa mbele ya umati akiwa na kibodi na kitu kigeni kabisa: mausi. Kompyuta yenyewe haikuwepo ukumbini. Ilikuwa Menlo Park, kama kilomita 48 kutoka pale. Akaonyesha watu wawili walio sehemu tofauti wakifanya kazi kwenye kioo kimoja. Kwa wakati ule ilikuwa noma.

Mwaka uliofuata ikaanza Telnet, njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa kuandika amri tu, bila picha. Ilikuwa na tatizo moja kubwa: nywila ilipita njiani ikiwa wazi, kama barua isiyo na bahasha. Mwaka 1995 mtu alinasa nywila kwenye mtandao wa chuo cha teknolojia cha Helsinki, Finland. Mtaalamu wa hapohapo, Tatu Ylönen, akakasirika na kuandika SSH, ambayo inafumba kila kitu kinachopita njiani. Mafundi wa seva wanaitumia mpaka leo.

Na huku kwetu? Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, yaani kabla hata ya onyesho la Engelbart. Lakini mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hiyo ikalegea polepole kuelekea miaka ya 1990. Wenzetu walikuwa wanaendesha mashine kwa mbali, sisi hata ya karibu ilikuwa shida kuipata.

PICHA INAINGIA

Mwaka 1998 mambo mawili yakatokea. Maabara moja ya Cambridge, Uingereza, ikatoa VNC bure. Akili yake ni rahisi: inapiga picha ya kioo, halafu inatuma vile vipande vilivyobadilika tu. Mwaka huohuo Microsoft wakaleta RDP kwenye toleo maalum la Windows NT 4.0, na mwaka 2001 ikaingia kwenye Windows XP Professional. Ofisi nyingi zikaanza kujua kwamba unaweza kuwa nyumbani na bado ukafungua faili la kazini.

Tatizo ni kwamba hizo zote zilitaka fundi ajue anwani ya kompyuta yako kwenye mtandao. Sasa mtu wa modemu ya laini ya simu, ambaye anagawana anwani moja na wateja kibao, utamfikiaje? Ni kama kumtafuta mtu kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba mia na mlango mmoja wa mbele.

Jibu likatoka Ujerumani. TeamViewer, mwaka 2005, wakaja na wazo la kuweka seva katikati. Kompyuta zote mbili zinapiga hodi kwenye seva, seva inazikutanisha. Wewe unabaki na namba tu. Mwaka 2014 wakafuata AnyDesk wa Stuttgart, ambao programu yao ni nyepesi.

Wakati huohuo bomba lenyewe likafika. Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulitua Dar es Salaam, na Mkongo wa Taifa ukaanza kujengwa kuelekea mikoani. Kabla ya hapo intaneti yetu ya kimataifa ilitegemea zaidi setilaiti, ghali na ya kusuasua. Ndiyo maana fundi wa zamani alipanda basi, na wa leo ananunua bando.

IKIZINGUA, HISTORIA INAKUPA JIBU

Picha inaganda? Kumbuka VNC: kinachotumwa ni kilichobadilika. Zima video, toa picha ya nyuma ya kioo, shusha ubora kwenye mipangilio. Bando litapumua.

RDP inakataa? Windows ya Home haipokei RDP, inayopokea ni Pro. Na usifungue mlango wake, namba 3389, moja kwa moja kwenye intaneti. Mwaka 2019 liligundulika tundu lililoitwa BlueKeep, na mashine nyingi zikawa hatarini.

Fundi haoni kitu pale Windows inapoomba ruhusa ya msimamizi? Programu imefunguliwa tu bila kusakinishwa. Isakinishe kamili, au mwenye mashine abonyeze mwenyewe.

Haionekani hewani kabisa? Imelala, au umeme umekatika. Izuie isilale kwenye mipangilio ya umeme.

Na ikigoma nchi nzima, angalia baharini. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu na intaneti ikalegea Tanzania. Wewe na fundi mnaweza kuwa mtaa mmoja, lakini kama seva ya katikati iko nje, mnapiga hodi kwenye mlango usiofunguka.

SASA UPANDE WA GIZA

Namba zilezile zilizomwokoa dada wa Unyambwa ndizo matapeli wanazozitafuta. Februari 2019 Benki Kuu ya India ilitoa onyo: watu walikuwa wanapigiwa simu, wanaambiwa wapakue AnyDesk, wanasoma namba, na hela inaondoka. Februari 2024 AnyDesk wenyewe walitangaza kuwa mifumo yao imeingiliwa, wakawashauri watumiaji wabadili nywila.

Bongo tunajua ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Hii ni ndugu yake, ila mbaya zaidi, maana hapa humtumii mtu hela, unampa mkono wako aichukue mwenyewe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inasema kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa. Kazi inakuwa ngumu kama wewe ndiye uliyebonyeza "kubali".

Kwa hiyo piga wewe, usisubiri kupigiwa. Pakua programu kwenye tovuti ya wenyewe. Funga akaunti za hela kabla fundi hajaingia. Usiweke nywila ya kudumu kwa kazi ya mara moja. Kaa hapo uangalie mpaka mwisho, halafu uifunge. Ukishtukia umepigwa, kata intaneti kwanza, badili nywila kwa kifaa kingine, namba ya tapeli itume 15040, na uende polisi.

Turudi Unyambwa. Kwenye ile kompyuta kuna vyeti vya madogo, namba za NIDA, picha za wazazi wao. Dada hakumpa fundi printa tu, alimpa siri za kata nzima. Alimwamini kwa sababu anamjua sauti, anamjua jina, na yeye ndiye aliyempigia.

Teknolojia imefuta zile kilomita 700. Swali la nani unamfungulia mlango ni lilelile la bibi zetu: hodi ni hodi, lakini karibu ni ya mwenye nyumba. Wewe mara ya mwisho ulimsomea nani namba zako, na una uhakika alishatoka?