Kioneshi: Huyu, Huyo na Yule katika Kihispania

Kioneshi ni neno linalofanya kazi ya kidole. Ukisema "twiga huyu", "mlima ule" au "hapo ulipo", umeshamwelekeza mwenzako atazame wapi kabla hajauliza. Istilahi hii ina ndugu zake. Wapo wanaoandika kionyeshi, kwa kuwa wengi wetu bado tunasema onyesha. Wenzetu wa Kenya wamezoea kiashiria, neno lenye asili ya Kiarabu. Hata Walatini waliliita jina hilohilo kwa lugha yao, maana kwao demonstrare ni kuonesha. Mimi nachagua kioneshi kwa sababu mtoto wa shule ya msingi akiliona tu anajua linafanya nini.

Ugumu uko kwenye neno la kati: huyo, hicho, hilo, hapo. Vitabu vingi vya shule hupanga vioneshi vyetu kwa masafa: huyu wa karibu, huyo wa mbali kidogo, yule wa mbali zaidi. Mpangilio huo unapendeza ubaoni, ila mazungumzo ya kila siku hayaendi hivyo, na anayeumia zaidi ni yule anayejifunza Kihispania.

Tuchukue mfano wa Same. Mji umekaa chini ya milima ya Upare, kando ya barabara kuu iendayo Moshi, na lango la Zange la Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi liko kilomita chache tu kutoka mjini. Kijana anayetaka kuongoza watalii huku kaskazini anajua kwamba Kiingereza peke yake hakimtofautishi na wenzake, kwa hiyo anatafuta lugha ya pili ya wageni, na Kihispania ni mojawapo. Kitabu anachokipata kimeandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo siku hizi ina ngazi mbili tu, ya karibu na ya mbali. Mwandishi wake analazimika kuieleza ngazi ya tatu kwa kuzungukazunguka, na kijana anaikariri kama jambo geni, ilhali amekuwa akiitumia tangu anajifunza kuongea.

Kihispania kina este, ese na aquel. Viweke kando ya huyu, huyo na yule, uone vinavyolingana. Ndani ya gari mgeni ameshika darubini, nawe unaihitaji. Hutasema "nipe darubini hii", wala "nipe darubini ile", hata kama mko bega kwa bega. Utasema "nipe hiyo darubini", kwa sababu iko kwake. Mhispania naye atasema esos prismáticos, kwa sababu hiyohiyo. (Darubini ya macho mawili kwao huwa katika wingi, ndiyo maana ni esos.) Hapo umbali ni hatua sifuri. Kinachoamua ni kitu kiko mkononi mwa nani. Twiga aliye ng'ambo ya bonde, mbali nanyi wote wawili, ndiye yule, na ndiye aquella jirafa.

Neno la kati lina kazi nyingine pia: linashika kilichokwisha kutajwa. Mgeni akisimulia chui aliyemwona jana, utamuuliza "huyo chui alikuwa wapi?" ingawa chui mwenyewe hayupo karibu na yeyote. Kihispania kitasema ese leopardo. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya Kiswahili ya mwaka 1944, aliiona sauti hii ya -o ikijirudia mahali pengi: hicho, ndicho, nacho, kilichokuja. Kote humo inarejelea kitu ambacho msemaji na msikilizaji wanakijua tayari. Ndiyo maana nasema "mbali kidogo" ni jina baya. Ngazi ya kati iitwe kioneshi cha msikilizaji, basi.

Wapare wanaijua hali ya lugha kuelezwa kupitia lugha nyingine. Mmisionari Mwadventista Ernst Kotz alichapisha sarufi ya Chasu, lugha yao, mwaka 1909, na aliiandika kwa Kijerumani, kwa ajili ya wasomaji wa Kijerumani. Kitabu cha namna hiyo kina faida yake, lakini mwenye lugha akitaka kujifunza ya wengine, njia fupi inaanzia kwake.

Njia hiyo fupi ina mashimo, na la kwanza ni upatanisho. Sisi tunatazama uhai: kifaru huyu ni yule mnyama mweusi anayelindwa Mkomazi, kifaru hiki ni cha jeshi. Kiboko huyu yuko majini, kiboko hiki kinachapa. Kihispania hakijali uhai, kinatazama jinsi ya neno. Jirafa ni neno la kike, kwa hiyo hata twiga dume ni esta jirafa. Tembo ni este elefante, ila jike huwa esta elefanta. Tai ndiye anayewachanganya wengi. Husemwa el águila, kana kwamba ni neno la kiume, lakini kioneshi hakidanganyiki: ni esta águila, aquella águila. Na wingi wa este si estes, ni estos.

Esto, eso na aquello hazikai kando ya nomino hata siku moja. "Esto elefante" ni kosa. Hizo ni za kuulizia kitu usichokijua jina, kama tunavyosema "nini hiki?", au za kushika jambo zima, kama "hilo" katika "hilo sikubali".

Nafasi nayo ina madhara. Kwetu "mtu huyu" na "huyu mtu" zote zinapita. Kihispania hutanguliza kioneshi: este hombre. Ukikiweka nyuma, el hombre este, mara nyingi sauti inakuwa ya dharau, na mgeni anaweza kudhani unamsema vibaya dereva wako.

Kwa mahali tunawazidi. Kihispania kina aquí, ahí na allí, ambazo ni hapa, hapo na pale, pamoja na acá na allá zinazokaribia huku na kule. Mtu wa Same anasema huku tambarare, kule milimani, mle katika msitu wa Chome, na kila kimoja kina picha yake. Kwa "mle" Mhispania itabidi aongeze neno la "ndani". Wala sijui utamfundishaje "kuleee", ile inayovutwa na kupandishwa sauti hadi msikilizaji akate tamaa ya kwenda kwa miguu.

Kijana wetu ajue pia kwamba katika sehemu nyingi za Amerika ya Kilatini aquel imepungua katika maongezi, na ese inabeba hata vya mbali. Na akimsikia mtu wa Meksiko akivuta "esteee…" katikati ya sentensi, asigeuke kutafuta mnyama. Huyo anatafuta neno, kama sisi tunavyosema "nanihii".

Ombi langu ni kwa walimu wa vyuo vya utalii na waandishi wa vitabu: Kihispania kiandikiwe Watanzania kwa Kiswahili, na somo la vioneshi lianze na huyu, huyo na yule. Jedwali lake halizidi nusu ukurasa.