Funza na Njia za Wapagazi: Historia ya Ugonjwa wa Miguu Afrika Mashariki

Miongoni mwa maradhi yanayoshika nyayo na vidole vya miguu katika Afrika Mashariki, ni machache ambayo safari yake inaweza kufuatiliwa kwa uwazi kama ugonjwa wa funza, yaani kiroboto mdogo, ambaye wengine humwita tekenya. Jike lake, lenye urefu wa milimita moja hivi, hujichimbia ndani ya ngozi, hasa pembeni mwa kucha, kati ya vidole na kisiginoni, likavimba kwa muda wa wiki mbili hadi kukaribia upana wa sentimita moja, huku likiacha wazi tundu dogo ambalo kwalo hupumua, hutoa kinyesi na kuangusha mayai kwa mamia. Mdudu huyu hakuwa wa bara hili. Asili yake ni Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi, ambako aliwatesa mabaharia wa Kihispania waliofika huko mwanzoni mwa ukoloni wao.

Maelezo yanayokubaliwa na wanahistoria wengi wa tiba ni kwamba mwaka 1872 meli ya Kiingereza, Thomas Mitchell, iliyotoka Rio de Janeiro, ilitia nanga Ambriz katika pwani ya Angola, ikiwa imejazwa mchanga ngamani ili iwe na uzito wa kuhimili mawimbi, na mchanga huo ulikuwa na funza. Kwa kuwa kiroboto huyu hawezi kwenda mbali kwa nguvu zake mwenyewe, mwendo wake barani ukawa ni mwendo wa binadamu: mpagazi aliyetembea peku akiwa na jike lililopevuka kidoleni aliangusha mayai katika kila kambi aliyolala, na vumbi kavu la kambi hiyo likalea mabuu hadi msafara uliofuata ulipowasili.

Msafara unaotajwa sana ni ule wa mpelelezi Henry Morton Stanley wa kumwokoa gavana Emin Pasha, ambao mwaka 1887 uliwachukua Unguja wapagazi zaidi ya 600, ukawazungusha kwa meli hadi mlango wa mto Kongo, kisha ukavuka bara lote na kuingia Bagamoyo Desemba 1889. Hata hivyo si haki kuubebesha msafara mmoja lawama yote, kwa maana njia za pembe za ndovu, za askari na za wafanyabiashara zilikuwa zikipitisha watu mfululizo, na kabla ya karne ya 19 kwisha funza alikuwa amefika Bahari ya Hindi.

Madhara yake ya mwanzo yalikuwa mazito kuliko msomaji wa leo anavyoweza kudhani. Oscar Baumann, mpelelezi kutoka Austria aliyepita kusini mwa ziwa Victoria mwaka 1892, alieleza kwamba huko Uzinza aliona watu waliooza viungo, na vijiji vilivyokumbwa na njaa kwa sababu wenyeji hawakuweza tena kusimama mashambani kuvuna. Ukali huo ulitokana na ugeni: watu hawakujua kwamba mdudu hutakiwa kutolewa mapema na akiwa mzima, kwa maana akipasuka ndani ya ngozi jeraha huingiwa na vijidudu, na kwa njia hiyo hufuata usaha, kuoza kwa vidole, na hata pepopunda.

Ustadi wa kumtoa funza kwa mwiba au sindano ukaenea kijiji hadi kijiji, na unastahili kuhesabiwa kuwa tiba ya kweli, ingawa sindano moja iliyopita miguu mingi ilieneza maradhi mengine. Zahanati zilileta pamanganeti ya potasiamu, dawa ya zambarau ya kuloweka miguu, ambayo uwezo wake ni mdogo: katika jaribio lililofanywa Kenya na kuchapishwa mwaka 2014, iliua asilimia 39 tu ya funza katika siku saba, ilhali dimetikoni, mafuta mepesi yanayoziba lile tundu la kupumulia, iliua asilimia 78.

Pamoja na maarifa hayo yote, mgonjwa wa funza bado huitwa mchafu, mvivu au aliyelaaniwa, na watoto huacha shule kwa kuchekwa. Shutuma hizo hazina msingi, kwa sababu mabuu hukua katika sakafu ya udongo mkavu, mara nyingi ndani ya chumba cha kulala, na mbwa, nguruwe na panya humhifadhi mdudu hata watu wanapotibiwa. Anayemkuta mtoto mwenye funza na atazame kwanza sakafu anayolalia na kama ana viatu, kisha amsaidie kupata dawa.