Ngome ya Miti: Kupanda Kaya ya Rabai

Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka 1846 yeye na mwenzake Johannes Rebmann wakahamia Rabai. Enzi hizo safari ilianza kwa mashua. Uliufuata mkono wa bahari hadi ndani, kisha ukakwea vilima kwa miguu. Siku hizi matatu hukushusha Mazeras. Mimi nilitembea kutoka hapo, katikati ya minazi, maana nilitaka miguu yangu ikijue kile kilima kilichowavuta watu wa Rabai.

Masimulizi ya Wamijikenda, ambao watu wa Rabai ni miongoni mwao, yanasema walitoka Shungwaya, upande wa kaskazini, wakiwakimbia Wagala, wakajenga kaya, yaani vijiji vyao vyenye ngome, ndani ya misitu minene ya vilimani. UNESCO inaanzia historia hiyo karne ya 16, karne ileile ambayo Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1593. Kwangu mimi hizi ni ngome za rika moja, na zote zinastahili heshima moja.

Kaya Mudzi Muvya, mojawapo ya kaya za Rabai, haiingiliwi ovyo. Mzee hutangulia, akawaomba radhi waliolala humo, ndipo mgeni afuate. Aliyezoea kutafuta magofu ya mawe atapita asione kitu, kwa kuwa ukuta wenyewe ni msitu. Njia ni nyembamba, ya mtu mmoja nyuma ya mwenzake. Adui hata wangekuwa mia, langoni walifika mmoja mmoja. Malango yalikuwa ya miti, na kaya ililindwa pia na fingo, kinga iliyozikwa ardhini. Ndani kabisa kuna uwanja. Hapo ndipo zilipokuwa nyumba za koo, na moro, mahali pa wazee kukutana na kuamua mambo ya mji.

Kwa hiyo aliyekata mti alikuwa anabomoa boma. Miiko ya kaya iliulinda msitu huo, na imedumu hata baada ya watu kuhama kutafuta mashamba na biashara. Kufikia miaka ya 1940 kaya zilikuwa zimebaki bila wakazi, lakini makaburi yalibaki, na wazee waliendelea kuyatunza.

Wakoloni waliijua nguvu ya mahali kama hapa. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyeongoza upinzani dhidi ya Waingereza, aliwaapisha Wagiriama katika kaya yao, Kaya Fungo. Mwaka uliofuata Waingereza wakailipua kwa baruti.

Kaya zimo katika Urithi wa Dunia tangu 2008, na mwaka 2009 mila zake ziliingizwa katika orodha ya zile zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Ngome ya Yesu ina walinzi na tiketi. Msitu huu unawategemea wazee, na wazee wanapungua. Ukifika Mombasa, tenga asubuhi moja uende Rabai: muone mzee kwanza, toa ada bila kubishana, usitoke njiani, usichume hata jani. Nanyi vijana wa Rabai, ingieni kaya pamoja na babu zenu wangali hai, mjifunze miiko yote kutoka vinywani mwao.